Uzoefu wangu: seti ya kusuka injini ya Vespa PX150E, na kiki ya kwanza hapa Mbeya

Seti hii ya vipuri nimeifunga kwenye skuta ya PX150E, ile yenye CDI (kiboksi cha umeme kinachotoa moto wa plagi), na injini sasa ina kilomita 600 tangu iwake. Ndani ya boksi kuna bloku ya chuma (silinda) na pistoni yake ya milimita 57.8 (saizi ya kiwandani), ringi mbili, pini na klipsi, sili mbili za krenki na moja ya gurudumu la nyuma, na gasketi zote za karatasi. Imetengenezwa India. Bloku na pistoni nazipa nyota nne, gasketi nyota mbili, na sili ya upande wa flaiwili (gurudumu zito lenye feni mwishoni mwa krenki) sikuifunga kabisa. Sababu ya kuwa mkali hivyo kwenye sili na gasketi ni kwamba injini ya tu-stroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) iliyosukwa upya haiuliwi sana na pistoni mbovu. Inauliwa na hewa inayoingia mahali isipotakiwa.

Kabla hujanunua bloku mpya, pima ya zamani. Pistoni za PX150 zipo za 57.8, 58.0, 58.2 na 58.4, kwa hiyo bloku ya kiwandani inaweza kuchongwa mara tatu kabla ya kutupwa. Yangu ilishafika mwisho. Hii mpya imechongwa vizuri, mistari ya kukatizana inaonekana ukutani, ila kingo za matundu ya kupitishia mchanganyiko, yale mafundi wanayaita poti, zilikuwa kali kama wembe. Pitisha ukucha: pale unapokwama ndipo ringi itakapokwama. Nilizivunja makali kwa tupa ndogo ya mviringo na msasa namba 400, kisha nikaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Wanaosafisha kwa petroli wanausambaza tu unga wa msasa.

Ringi iingize peke yake ndani ya bloku, inyooshe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, pima mwanya wa ncha kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Za kwangu zilisoma 0.15, wakati kipimo ni 0.2 hadi 0.35. Ncha zikigusana injini ikipata moto, ringi haina pa kwenda ila kuukwangua ukuta. Tupa bapa, kidogo kidogo, unapima kila baada ya mikwaruzo miwili. Mshale wa kwenye pistoni uangalie tundu la ekzosi. Klipsi za pini za kwenye boksi zilikuwa laini, nikanunua nyingine. Klipsi ikichomoka, bloku mpya inageuka chuma chakavu ndani ya sekunde.

Sasa sili. Zile mbili za krenki zinakaa pande mbili tofauti, na kila moja ikivuja injini inaugua kivyake. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe usioisha, na oili ya gia inapungua bila tone chini. Ya upande wa flaiwili ikivuja, injini inanyonya hewa tupu. Mchanganyiko unakuwa mwepesi (hewa nyingi, petroli kidogo), resi inapanda yenyewe, pistoni inapata moto na kunasa kwenye bloku. Hii ya pili haitoi moshi wala doa, ndiyo maana inawaponza wengi. Ya kwenye seti ilikuwa na mdomo mgumu, ukiuminya kwa kidole haurudi haraka. Nikaiweka pembeni.

Gasketi ya chini ya boksi la kabureta zilikuja mbili, ya mashine yenye pampu ya oili na ya isiyo na pampu. Zilinganishe na matundu ya boksi lako kabla ya kufunga, usichague kwa macho. Na kabureta ya SI 20/20 inapinda kitako ukikaza boliti zake mbili kwa nguvu za kukazia gurudumu. Weka kioo mezani, msasa wa maji namba 600 juu yake, sugua kitako kwa mzunguko wa namba nane mpaka kiwe na rangi moja kote.

Kujaribu kama injini inavuja kabla ya kuiwasha ndiyo kazi ambayo karakana nyingi hapa Mbeya haziifanyi, na kifaa chake ni rahisi: kipima presha cha hospitali cha zamani, kile cha mshale na kipira cha kuminya. Alama ya 300 kwenye saa yake ni sawa na psi 5.8 hivi, na tu-stroki inapimwa chini kidogo ya hapo. Ukitumia kompresa ya gereji utazisukuma sili zitoke kwenye nafasi zake.

Chukua plagi mbovu, vunja kauri yake, toa vya ndani, ingiza mpira wa kipima presha na uzibe kwa gundi ya chuma. Kabureta ivue, tandika kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya tundu la kuingizia na ukibane kwa kibati chenye matundu mawili ya boliti. Shingo ya ekzosi izibe kwa kizibo cha mpira na klipu ya kubania. Zungusha krenki mpaka pistoni iwe chini kabisa ili poti ziwe wazi, la sivyo utakuwa unapima bloku peke yake na kasha la krenki halijapimwa. Minya taratibu hadi 250, funga koki ndogo, angalia mshale. Ukikaa palepale dakika tano, uko salama. Ukishuka, paka maji ya sabuni: chini ya bloku, kwenye maungio ya kasha, kuizunguka krenki upande wa flaiwili (flaiwili iwe imetolewa). Mapovu yatakuonyesha. Kama hakuna povu na mshale bado unashuka, fungua skrubu ya kujazia oili ya gia na upake utando wa sabuni juu ya tundu lake. Utando ukivimba kama puto, sili ya upande wa klachi ndiyo inayopitisha.

Yangu ilivuja chini ya bloku, kwenye gasketi ya karatasi ya seti. Niliikata nyingine kutoka kwenye karatasi ya gasketi nene kidogo, na mshale ukatulia. Nati za hedi nilikaza kwa msalaba, kwa hatua tatu, mwisho Nm 15 (kiwango ni 13 hadi 18). Nati ya flaiwili inataka 60 hadi 65. Tazama pia kile kipande cha nusu mwezi kwenye shafti ya krenki kabla ya kuirudisha flaiwili. Kikiwa kimekatika au kimelegea, taiming yote (wakati wa kutoka cheche) ni ya kubahatisha.

Oili ya giaboksi ni SAE 30, mililita 250, au mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kipimo. Oili ya kuchanganya na petroli ndiyo ngumu kidogo kuipata siku hizi, maana bodaboda karibu zote ni fo-stroki na wauza vipuri wengi hawaiweki. Nenda kwenye maduka ya misumeno ya mnyororo. Mafinga na Iringa mjini, kwenye biashara ya mbao, haikosekani, na Mbeya ipo kwa wauza vifaa vya kilimo. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD (madaraja ya ubora wa oili ya tu-stroki). Ukiletewa kutoka Kyela ile ya boti iliyoandikwa TC-W3, irudishe: hiyo ni ya injini zinazopozwa kwa maji, na silinda ya Vespa inapozwa kwa upepo, ina joto zaidi.

Kiwango cha kawaida ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita. Kwa lita tano za kwanza nilitumia 3, yaani mililita 150, nikapima kwa bomba la sindano la famasi, siyo kwa kifuniko cha chupa. Wapo wanaoweka 5 wakidhani wanailinda injini. Oili inapozidi, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi wakati pistoni mpya haitaki hilo hata kidogo.

Plagi ni NGK B7HS, ya uzi mfupi, mwanya 0.6. B7ES ya uzi mrefu ni ya PX200. Ukiifunga kwenye 150 itaingia sana ndani na pistoni inaweza kuigonga.

Kabla ya petroli, angalia moto. Plagi iwe kwenye kofia yake, mwili wake ulale kwenye mapezi ya hedi, mbali na tundu, piga kiki. Cheche iwe ya bluu. Usipige kiki waya wa plagi ukining'inia hewani, CDI inaweza kuungua. Ukikosa cheche, chomoa kwenye CDI waya wa kijani unaokwenda kwenye swichi na ujaribu tena. Cheche ikirudi, tatizo liko kwenye swichi au waya wake, usinunue CDI. Isiporudi, tazama nyaya zinazotoka kwenye koili nyuma ya flaiwili. Kwenye PX za zamani plastiki yake inamong'onyoka kama makoko, na injini ikishasukwa hakuna sababu ya kurudisha nyaya zile. Bamba la koili liwe kwenye alama ya IT, nyuzi 18 kabla pistoni haijafika juu.

Kava la feni lifungwe. Naliandika peke yake kwa sababu nimeona mafundi wakiwasha injini mezani bila kava "ili isikike vizuri". Bila kava upepo wa flaiwili haufiki kwenye mapezi ya bloku.

Dondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi na tundu la kabureta (kwenye Vespa krenki yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga njia ya mchanganyiko, haitakiwi kuanza kavu), piga kiki kumi bila plagi, swichi ikiwa imezimwa. Fungua koki ya petroli, subiri dakika moja kabureta ijae. Skrubu ya hewa ianze mizunguko miwili kutoka ilipofungwa. Vuta choki, asubuhi za Juni na Julai hapa usijaribu bila choki. Mkono wa mafuta usiuguse. Kiki ya tano mpaka ya kumi injini inapaswa kukohoa. Isipokohoa, toa plagi: ikiwa kavu, petroli haifiki, ikiwa imelowa na mguu unahisi kiki nzito, kasha limejaa petroli kwa sababu sindano ya floti haifungi. Funga koki, piga kiki kumi bila plagi, kausha, rudia. Kiki ikikurudishia mguu kwa nguvu, usiendelee. Moto unawahi mno, rudi kwenye kile kipande cha nusu mwezi.

Ikiwaka, moshi mzito wa dakika mbili tatu ni oili uliyopaka wakati wa kufunga. Rudisha choki taratibu. Sikiliza kitu kimoja: ukivuta mafuta kidogo na kuachia, resi irudi chini mara moja. Ikining'inia juu, au ikapanda yenyewe kadiri injini inavyopata moto, hiyo ni hewa, zima. Ikigoma kuzimika kwa swichi (ukiwa umesahau waya wa kijani nje, haitazimika), ingiza gia ya nne, shika breki zote, achia klachi.

Niliizima hedi ilipokuwa haigusiki, nikaiacha ipoe kabisa, nikarudia mara tatu, kisha nikakaza tena nati za hedi ikiwa baridi. Mbili zilikubali robo mzunguko. Kuiacha sailensa (ikinguruma imesimama) dakika ishirini hakusaidii, ringi zinataka mzigo mwepesi na mkono unaobadilika. Kilomita 500 za kwanza sikuvuka nusu ya mkono, na mlima wa barabara ya Chunya niliuacha.

Kuhusu mwinuko: Mbeya iko mita 1,700 hivi, hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar, kwa hiyo jeti ya 100 inatoa petroli nyingi kidogo. Wakati wa kuzoeza niliiacha, petroli hiyo ya ziada inapoza. Baada ya 500 nimeweka 96 na mashine imechangamka. Ila ukishuka Kyela na jeti ya 96, hewa ya kule ni nzito na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Jeti ya 100 ikae kwenye boksi la vifaa na ibadilishwe Tukuyu. Na kwenye mteremko mrefu kama Iwambi au Kitonga usifunge mafuta huku gia imeshika. Oili inakuja na petroli, ukifunga petroli umefunga na oili. Shika klachi, au vuta mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi.

Plagi nimeitoa jana: rangi ya chai ya maziwa, ukingo mkavu. Oili ya gia haijashuka. Gasketi ya kichwa cha boksi la kabureta imeanza kutoa jasho upande mmoja, nayo ni ile ya kwenye seti.