Uzoefu wangu: kununua pipa zima la wiski ya Uskoti

Pipa lenyewe: bareli ya lita 200, mwaloni wa Marekani uliokwisha kubeba bourbon (wiski ya Marekani) mara moja, likajazwa singo molti (wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja) yenye nguvu ya alkoholi ya asilimia 63.5. Limenunuliwa kiwandani likiwa jipya, limekaa miaka 10, limejazwa chupani. Kinywaji nakipa nne kati ya tano. Utaratibu wa umiliki na gharama za mwisho, mbili na nusu, na hiyo ni kwa upole.

Kwanza, pipa huletewi nyumbani. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka kinywaji kikae miaka isiyopungua 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya ghala la Uskoti lililo chini ya forodha. Singo molti, tangu 23 Novemba 2012, ni lazima ijazwe chupani hukohuko. Kwa hiyo unachonunua hasa ni mstari katika daftari la mtunza ghala. Jina lako likiwa kwenye mstari huo, pipa ni lako. Lisipokuwepo, unamiliki karatasi.

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Dalali anakutumia "cheti cha umiliki" chenye muhuri wa dhahabu na picha ya pipa. Kibandike ukutani ukipenda, kazi nyingine hakina. Kinachohamisha mali ni D.O. (delivery order, hati ya kuagiza mzigo ukabidhiwe). Mawakala wa forodha wa Dar na Mombasa wanalijua jina hilo, na hapa kazi yake inakaribiana na ile ya bandarini: mwenye pipa wa sasa anamwagiza mtunza ghala kwa maandishi alihamishie pipa namba fulani kwa mtu fulani. Ukipata nakala, usiishie hapo. Mwandikie mtunza ghala mwenyewe, kwa anwani uliyoitafuta wewe na si uliyopewa na dalali, akuthibitishie namba ya pipa, tarehe ya kujazwa, aina ya pipa na jina la mmiliki. Pipa moja kuuzwa kwa watu wawili kunawezekana kwa sababu tu wanunuzi hawaulizi ghalani.

Pili, vipimo. Ukinunua pipa lililokwisha kukaa, usikubali idadi ya chupa iliyopigwa kwa lita za siku ya kujaza. Dai pipa lipimwe upya, na tarehe ya kipimo iwe ya karibuni. Langu lilianza na lita 200 kwa asilimia 63.5, yaani lita 127 za alkoholi tupu. Kipimo cha mwisho kilikuwa lita 170 kwa asilimia 60: lita 102. Hizo 25 zilizopotea kwa mvuke Waskoti huziita fungu la malaika, takribani asilimia 2 kwa mwaka, na hakuna wa kumdai. Hewa ya kule ina unyevu mwingi, hivyo alkoholi hutoka haraka kuliko maji, na nguvu inashuka pamoja na ujazo. Ikishuka chini ya asilimia 40, kisheria hiyo si wiski ya Uskoti tena. Ndiyo maana pipa la zamani linalouzwa bei ya kutupa huenda lina asilimia 42 au 43: limebakiza muda mfupi. Ujazo ukiporomoka ghafla kati ya vipimo viwili, shuku kuvuja. Kinywaji kihamishiwe pipa jingine, na uulize mapema nani analipa.

Sasa gharama ambazo tangazo huziruka. Ghala na bima: langu lililipiwa miaka 10 ndani ya bei, lakini mikataba hutofautiana. Ushuru wa Uingereza hutozwa kwa lita ya alkoholi tupu siku unapotoa mzigo. Kwa kiwango cha mwaka 2025, pauni 32.79, lita 102 zilifika kama pauni 3,345, kisha VAT ya asilimia 20, kisha chupa, vizibo, lebo na kazi ya kujaza. Maji hayatozwi ushuru. Bila kuongeza maji unapata chupa kama 242 za sentilita 70, ushuru karibu pauni 13.80 kwa kila moja. Ukipunguza hadi asilimia 46 unapata kama 316, ushuru pauni 10.60. Toa chache za machicha na makaa ya pipa, lililochomwa ndani, yanayochujwa.

Kusafirisha chupa nje bila kulipa ushuru wa Uingereza kunawezekana mzigo ukitoka chini ya dhamana ya forodha, ila kodi za kwenu zinakungoja. Kwenye begi, msafiri anayeingia Afrika Mashariki anasamehewa lita moja tu ya pombe kali. Chupa moja, basi.

Angalia pia kifungu cha jina. Viwanda vingi haviruhusu jina lao kwenye lebo yako, na vingine hutia kijiko cha wiski ya kiwanda kingine ndani ya pipa ili lisiweze kuitwa singo molti kabisa.

Kwenye glasi: vanila, nazi iliyokaangwa, ganda la limau, mwisho mkavu wenye pilipili manga. Kwa asilimia 60 ilificha yote hayo nyuma ya moto, kwa hiyo nimejaza kwa 46.