Globu Unayoizima kwa Simu, Saa Tisa Usiku Inajiwasha Yenyewe

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo salamu fupi, kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe ina wati 9.

Ndiyo hii. Globu janja. Chapa sitaitaja, maana ukizunguka Kariakoo utaikuta hii hii imevaa maboksi ya majina matano tofauti. Rangi milioni 16, mwanga wa njano, mwanga mweupe, kupunguza, kuongeza, yote hayo mmeshayaona kwenye matangazo, sirudii. Nitasema mawili tu kwa anayetaka kununua leo. Kwanza angalia kitako. Nyingi zinazoletwa ni za kuzungusha, E27, na wewe nyumbani holda zako ni za pini, B22. Mimi nilifika nyumbani na globu nne hazina pa kukaa, ikabidi nirudi kutafuta adapta. Pili, zinashika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake. Kama ruta yako inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja, unaweza kukaa nusu saa simu inakwambia inatafuta, inatafuta. Ingia kwenye ruta, zitenganishe majina, basi.

Na nisiwe mchoyo, ikishashika ni raha. Juzi niko kwenye foleni Ubungo, giza limeingia, nikawasha taa ya baraza nikiwa ndani ya daladala. Jirani akajua nipo. Hiyo peke yake ilinifanya nisamehe ile nusu saa.

Sasa hasira. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika saa nne usiku, tukalala. Saa tisa ukarudi. Wadau, globu zote nne, chumbani, barazani, korido, chumba cha mtoto, ziliwaka kwa pamoja! Nyeupe, asilimia 100. Nilidhani tumevamiwa. Mtoto kaamka, analia, mke wangu ananiangalia mimi, haangalii taa.

Subiri niwaonyeshe, maana kuna mtu atasema natia chumvi. Hapa nimefunga holda kwenye extensheni. Kamera sogea. Nazima kwa simu… imezima. Sasa mimi ndiye umeme. Nakata kwenye soketi. Tulia hapo. Narudisha… umeona? Nani kaiambia iwake? Narudia. Nazima kwa simu, nakata, narudisha… hiyo hapo tena, na macho yangu yanauma.

Sababu yake ukiijua unaweza hata kuihurumia. Hii globu haijui tofauti ya mtu aliyebonyeza swichi ukutani na umeme uliorudi kutoka mtaani. Yenyewe inaona kitu kimoja: nilikuwa sina umeme, sasa ninao. Mtengenezaji akaamua kwamba umeme ukija, iwake, ili mgeni asiye na simu naye aweze kutumia swichi. Kule kwao umeme unakatika mara moja moja, kwa hiyo ni uamuzi wa busara kabisa. Lete huku sasa.

Nikaingia kwenye programu yake, nikachimba. Kuna kitu kimejificha kule chini kabisa kinaitwa Usisumbue. Ukikiwasha, umeme ukirudi globu inabaki imezima. Tujaribu: nakata… narudisha… kimya. Safi! Hapo nilifurahi, nilitaka hata kufuta hii video.

Ila swichi ya ukutani sasa. Ukishawasha hiyo Usisumbue, kubonyeza mara moja hakuwashi. Lazima uwashe, uzime, uwashe tena, harakaharaka. Angalia: mara moja, hakuna. Mara mbili… imewaka. Sawa, tunaweza kuzoea. Lakini ukifika mara tatu, tazama hapa sasa. Washa, zima. Washa, zima. Washa… hiyo! Unaona inavyopepesa? Hiyo haijaharibika. Imesahau kila kitu. Imesahau Wi-Fi, imekusahau wewe, inasubiri kuunganishwa upya kama imetoka kwenye boksi leo. Yaani mara mbili ni kuwasha, mara tatu ni talaka.

Mama mkwe wangu alitutembelea Jumamosi. Akaingia korido, akawasha, giza. Akazima, akawasha tena, ikawaka, lakini yeye alishapeleka mkono mara ya tatu. Nikasikia, "Baba, njoo, hii taa yenu ina pepo." Nimefika, korido nzima inapepesa na mama amesimama katikati ameshika khanga yake.

Na huyo ni binadamu. Mnajua ule umeme wa kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, ndani ya sekunde chache? Huo nao unahesabiwa. Alhamisi iliyopita ulicheza hivyo, globu tatu kati ya nne zikapepesa mpaka nilipozichomoa. Nikaziunganisha upya moja moja, juu ya kiti, shingo imekakamaa.

Mtaniuliza, vipi zile globu janja za Philips Hue? Nimezitumia kwa rafiki yangu. Wale wapo sokoni tangu 2012, globu zao hazitumii Wi-Fi, zinaongea kwa mawimbi mengine yanayoitwa Zigbee na kidude cha katikati kinachochomekwa kwenye ruta, na ukibonyeza swichi hata mara ishirini hazisahau kitu. Kinachoniudhi ni bei. Ukiziagiza mpaka zifike, pesa ya globu moja ya rangi unanunua hizi za Kariakoo kadhaa na nauli inabaki.

Wengine mnasema achana na globu, funga swichi janja ukutani. Sikatai, ila fungua kwanza boksi la swichi uone. Nyumba zetu nyingi fundi alishusha nyaya mbili tu pale, moto unaoingia na moto unaokwenda kwenye taa. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imebaki juu darini. Swichi janja nyingi zinataka nyutro. Zipo zisizoitaka, lakini na taa ndogo za LED wakati mwingine taa inafifia na kumeta hata ukiwa umezima. Hiyo nitaifanyia video yake.

Tukiwa hapo hapo, video sasa zitatoka Jumatano, siyo Jumapili tena. Ile ya feni ya sola imechelewa, mzigo bado haujanifikia, msinitukane.

Kuna mdau aliuliza kuhusu LUKU. Ikiwa imezimwa kwa simu, globu bado inasikiliza, kwa hiyo inakula. Kipimo changu kimeonyesha nusu wati. Kwa mwaka ni kama unit 4.4, globu nne unit 17 na nusu. Haikufilisi. Na intaneti ikikata? Nimechomoa waya nyuma ya ruta, simu na globu zikiwa Wi-Fi moja hii yangu bado inatii. Ukiwa nje ya nyumba ndiyo husemi nayo, maana amri inapitia kwenye seva zao kwanza.

Bei. Walianza 25,000, nikachukua nne kwa 18,000 kila moja. Chumba cha mtoto nimerudisha globu ya kawaida. Korido vilevile, kwa heshima ya mama. Ya baraza inabaki, na nakiri, jana nimeongeza nyingine ya getini. Swichi zake nimezibandika gundi ya karatasi juu, asiguse mtu.

Bonyezeni kengele, tuonane Juma… wee! Wewe mtoto, toka kwenye hiyo swichi! Moja… mbili… acha! Acha hapo hapo!