Kibanda umiza cha Ngamiani: benchi baya, maneno matamu

Jumamosi nilipeleka baiskeli kwa fundi pale Ngamiani, Tanga, pancha ya tairi la nyuma tu, fundi akasema njoo baada ya isha, sasa saa mbili zote hizo nikae wapi, nikaingia kibanda cha muvi mtaa wa nyuma, mia tano mlangoni. Jina silitaji maana nina ya kuwasema.

Basi picha linaanza nimekaa kwenye benchi msumari ukanishika suruali chwaaa. Na hapo ona, hata mie nimesema picha linaanza wakati nasimulia habari za msumari. Ndo tulivyo, hatuwezi kuanza stori bila hilo neno.

Muvi lilikuwa la Kikorea la kutafsiriwa. Jambazi kaongea dakika nzima, mate yanamtoka, DJ, yule anayetafsiri kwa sauti juu ya muvi, akamalizia kwa ufupi: "Kasema leo utaisoma namba." Banda zima likaangua kicheko. Ni tafsiri? Wallahi sio, lakini mia tano yangu ililipwa hapo hapo. Kosa lake huyo DJ anapayuka juu ya kila kitu, hata pale mama mtu analia kimyakimya yeye anachekesha, nikatamani enzi za mikanda ya Lufufu, yule mtafsiri muvi wa zamani, alikuwa anajua lini anyamaze.

Stelingi akapigwa risasi mbili, nikaguna. Mtoto wa miaka minane hivi mbele yangu akageuka, "Mjomba usihofu, stelingi hafi." Neno lenyewe ni lile la Kiingereza, "starring", wanaloandika kabla ya jina la muigizaji mkuu, sie tukalifanya cheo kabisa, mpaka mtaani mtu akijiona sana anaambiwa unajifanya stelingi. Nikakumbuka mfuko wa plastiki tunaouita rambo, jina la yule komando wa Sylvester Stallone wa mwaka 1982. Serikali imepiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini nenda sokoni leo utamsikia mtu anaulizia rambo. Stelingi hafi kweli.

Joto humo ndani usiseme, feni moja na inawapepea wao wa mlangoni. Katikati nikatoka kula mihogo na chachandu. Jamaa mmoja anamwomba muuzaji muda wa kulipa deni, eti mama yake mgonjwa, bosi hajalipa, simu imeibwa, yule mama wa mihogo hata hakuinua macho kwenye karai: "Baba, usiniletee picha la Kihindi hapa, nataka elfu yangu." Wazee waliokulia kwenye kuingia sinema ya Majestic watakwambia picha la Kihindi ni machozi, nyimbo na ndugu waliopoteana, kwa hiyo yule mama kampatia vizuri sana.

Hapo nikajitia ujuaji, nikawaambia hata neno paparazi limetoka kwenye muvi, La Dolce Vita ya Italia, 1960, kuna mpiga picha humo anaitwa Paparazzo. Mzee mmoja wa kahawa akanitazama, "Na hilo nalo umeliona humo kibandani?" Wakanicheka, nikarudi ndani.

Kwa ujumla nawapa nyota tatu na nusu. Spika zinakwaruza, benchi wapigilie misumari vizuri, na wale watoto saa tatu usiku wangekuwa wamelala, mwenye banda anawaona na mia tano zao anachukua. Ila kama unataka kusikia Kiswahili kinapikwa bado cha moto, kaa safu ya pili, usikae ya kwanza maana shingo itakuuma.

Nikarudi kwa fundi. Tairi kaliziba ila gurudumu lote kalifungua kalitandaza chini, mikono myeusi, anacheka.

"Braza, pancha ilikuwa trela tu. Picha lenyewe lipo kwenye beringi, lete elfu nane."