Meno matatu ya papa wa kale: mawili yana kilema cha kweli, moja limeungwa kwa gundi

Kifurushi nilichoagiza mtandaoni na kukipokea posta hapa Tanga kilikuwa na meno matatu ya Otodus obliquus, papa mkubwa aliyeishi zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita, kutoka machimbo ya fosfeti ya Khouribga nchini Moroko. Muuzaji aliyatangaza yote kuwa yana kilema, na kilema ndicho nilichokitafuta, maana meno ya kawaida ya papa huyo ni mengi na bei yake ni nafuu, ilhali lililoota likiwa limepotoka huonekana kwa nadra.

Jino la kwanza ni zuri kupita nilivyotarajia. Ncha yake imegawanyika kama ulimi wa nyoka, na ukilitazama kwa kioo cha kukuzia unaiona enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikishuka mpaka ndani ya mgawanyiko bila kukatika. Hiyo ndiyo alama ninayoitegemea: jino la papa huundwa ndani ya taya kabla ya kujitokeza, kwa hiyo tishu inayoliunda ikijeruhiwa jino hutoka na kilema, na huenda yanayolifuata katika mstari huo yakatoka vivyo hivyo, kwa kuwa papa hubadilisha meno maisha yake yote. Mzee mmoja mvuvi wa Sahare alipolishika aliniambia, "Mwanangu, huyu alichomwa na mwiba wa taa," kwani yeye mwenyewe amewahi kuikuta miiba ya samaki huyo, taa, katika taya za papa aliowapasua. Jino moja halitoshi kuthibitisha hilo, lakini wataalamu nao huitaja miiba ya samaki wanaoliwa miongoni mwa sababu.

La pili ni dogo, limepinda ubavu, nalo ni halisi.

La tatu limenisikitisha. Ni ncha ya jino moja iliyobandikwa kwenye mzizi wa jingine, na maungio yamefunikwa kwa mchanga uliochanganywa na gundi. Nilipoliloweka katika maji ya uvuguvugu, mchanga ulianza kumeguka. Kuliita hilo kilema ni kumpotosha mnunuzi, hasa anayeanza kukusanya, ambaye bado hajui kutofautisha jeraha la papa aliye hai na kazi ya mikono ya mtu.

Muuzaji alinirudishia fedha za jino hilo bila ubishi. Nitaagiza tena kwake, ila kwanza nitadai picha za pande zote mbili, pamoja na picha ya karibu ya mahali enameli inapokutana na mzizi.