Nimejisuka rasta mwenyewe nyumbani, uzoefu wangu

Jamani nianze kwa kukiri kwamba kabla ya hapa nilichokuwa najua ni mabutu tu, tena yale ya kulalia. Nikanunua pakiti 6 za rasta za sintetiki zile zilizovutwa tayari, yaani nyuzi zake hazilingani urefu, maana nilishawahi kujaribu na zile za kawaida zilizokatwa sawa nikaishia na misuko yenye ncha kama fagio. Kwa hilo sina lawama, msuko unajipunguza wenyewe taratibu mpaka chini.

Kasheshe iko kwenye mzizi. Unakunja fungu katikati unapata miguu miwili, nywele yako inakuwa wa tatu, na video nyingi nilizoangalia hapo wanapita fasta utadhani wanafukuzwa. Mimi nikasuka hivyo hivyo nyuma kote, nikalala nimejipongeza, asubuhi misuko minne iko kwenye mto!! Kumbe nywele yako haitakiwi kuachwa peke yake, unachomoa nyuzi kidogo kwenye mguu mmoja unazichanganya nayo, halafu ukishapishanisha mara mbili tatu unaigawa iingie na kwenye miguu mingine, hapo ndo inashika. Basi nikafumua nikaanza upya, safari hii kioo nikakigeuzia ukutani kwa sababu kwa nyuma kinakuchanganya tu, bora vidole vipapase. Nilitumia masaa 11, nikayagawa siku 2, na mabega yaliniuma kuliko kichwa.

Ambacho sikupenda ni muwasho. Pakiti imeandikwa kabisa haiwashi lakini usiku wa kwanza nilikuwa najipiga makofi ya kichwa kama mwehu. Bahati nzuri mbele nilikuwa sijasuka, nikaloweka mafungu yaliyobaki kwenye maji yenye siki ya tufaha, baada ya muda maji yakafanya utando mweupe juu, nikasuuza na kuanika mpaka yakakauka. Mbele hakujawasha hata kidogo, nyuma nimeteseka karibu wiki. Kwa hiyo ukinunua hizi loweka zote kabla hujagusa kichwa, usiwe na haraka kama mimi.

Halafu pembeni za uso msikaze. Mimi nilikaza nikidhani ndo zitakaa muda mrefu, vikatoka vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi, nikafumua ile misuko nikairudia kwa fungu jembamba na mkono mlegevu. Nywele za pale zikishanyonyoka kwa kuvutwa mara kwa mara zinaweza zisirudi kabisa, sio mahali pa kujifunzia ubabe.

Ncha nilijaribu kiberiti kwenye msuko mmoja, ikayeyuka ikawa kigololi kigumu kinanasa kwenye sweta, nikaachana nacho. Maji ya moto ndo yenyewe, unachovya ncha kwenye jagi huku taulo liko mabegani, zinatulia na kulainika.

Nimezipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imeondoka na muwasho. Sasa hivi niko wiki ya 5, hazijachakaa sana ila mizizi imeshaota, nafumua wiki ijayo. Mistari ya kisogoni nimeambiwa imepinda kama njia ya ng'ombe, lakini kisogo mimi sikioni.