PS5 yangu, CD za Kariakoo na gemu za kupakua: ninachonunua wapi

PS5 yangu, mashine ya gemu ya PlayStation 5, ina sehemu ya CD, na kwa muda sasa nanunua kwa njia zote mbili: CD za madukani Kariakoo, na gemu za kupakua kutoka duka la mtandaoni la PlayStation. Rafiki zangu wakiuliza ipi bora, nami huwauliza swali: hiyo gemu ukishaimaliza, utataka kuiuza?

Gemu za hadithi, zile unazocheza peke yako usiku kwa wiki kadhaa, nanunua za kupakua bila kusita. Nyumba yangu ina watoto, na CD kwetu zimeshaokotwa chini ya zulia, juu ya friji, hata ndani ya begi la shule. Gemu iliyomo ndani ya mashine haikwaruziki wala haiazimwi ikapotelea mtaa wa pili. Bei nayo ina raha yake kwa mwenye subira. Gemu kubwa mpya hutoka kwa dola 70, yaani kama shilingi 180,000 kutegemea dola imeamkaje siku hiyo. Ukingoja miezi kadhaa, punguzo la nusu bei si ajabu. Halafu kuna gemu ambazo CD yake huipati hata uitafute kwa tochi. Baldur's Gate 3 na Alan Wake 2 zilipoingia PS5 mwaka 2023 zilikuja za kupakua tu. Aliyeng'ang'ania CD ilibidi asubiri.

Sasa tuje kwenye usumbufu, na kwetu huanzia mbali kabla hata hujachagua gemu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua ukifungua akaunti ya PlayStation. Kusini mwa Sahara yote, aliyemo ni Afrika Kusini. Ndiyo maana sote tunajifanya wakazi wa Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu. Jambo hili lilijulikana dunia nzima Mei 2024, pale wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta walipoambiwa lazima wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Kelele zikawa nyingi mpaka sharti lenyewe likafutwa. Sisi tulikuwa tumeshazoea.

Akaunti yangu ni ya Marekani, na nchi ukishaichagua hubadilishi. Kadi za benki za hapa zina bahati nasibu yake, kwa hiyo wengi tunanunua kadi za zawadi, zile za kuingiza namba. Muuzaji anaweka cha juu chake, hilo halina ubaya. Ila nimewahi kuuziwa namba iliyokwisha kutumika, na muuzaji akaniambia nimekosea kuiandika. Tangu siku hiyo naingiza namba mbele yake, kisha ndiyo natoa hela.

Na jambo hili wauzaji wa CD hawakwambii: CD nyingi za hapa zimepitia Dubai. Gemu yenyewe itacheza vizuri tu, lakini nyongeza zake, kama sura mpya za hadithi, zinatakiwa zitoke duka la eneo moja na CD. Ukiwa na CD ya Dubai na akaunti ya Marekani, unaweza kununua nyongeza ikakaa tu haifunguki. Ukinunua gemu na nyongeza zote kwa kupakua, tatizo hili halipo.

Bando je? Gemu kubwa za siku hizi hufika GB 100, na nyingine huzidi. Kwa bando la simu hiyo si starehe tena, ni bajeti ya mwezi. Mimi nina intaneti ya nyumbani isiyokatwa kwa GB, naiacha ipakue usiku nikilala. Lakini wanaodhani CD inaokoa bando wasijidanganye sana: PS5 hunakili gemu ya CD ndani ya mashine vilevile, kisha hudai masasisho. CD inasaidia pale unapofuta na kurudisha. PS5 ya kwanza ina GB 825, zinazobaki kwa gemu ni kama 667, kwa hiyo kufuta utafuta tu. Ninachofanya ni kuzihamishia gemu kwenye diski ya nje ya USB. Huko hazichezeki zikiwa za PS5, lakini kuzirudisha hakuli bando.

Mpira ni habari nyingine, na hapo sinunui cha kupakua hata kikishushwa bei. Kila Septemba linakuja toleo jipya. CD ya FC, gemu ya mpira ya kampuni ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA, naicheza msimu mzima, naipeleka dukani kabla jipya halijatoka, naongeza hela napata jingine. Ya kupakua huiuzi, humwazimi jirani, na mwakani haina thamani yoyote. Tena EA ilipohamia jina la FC mwaka 2023, iliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni, FIFA 23 ikiwemo. Leo anayeitaka hana budi kutafuta CD iliyotumika.

Kisheria, gemu ya kupakua si mali yako, umepewa ruhusa ya kuitumia. Sheria ya California iliyoanza kazi mwaka 2025 inawataka wauzaji waliseme hilo wazi mteja anaponunua. Ila CD nayo si kinga ya kila kitu: The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, seva zake zilipozimwa Machi 2024 wote waliachwa mikono mitupu, wenye CD na wasio nayo.

Kuhusu kugawana gharama: akaunti yako unaweza kuiruhusu kwenye PS5 moja ya mwenzako, naye akacheza gemu zako kwa akaunti yake. Mimi nafanya hivyo na mdogo wangu, tunachangia. Kwa mtu baki siwezi, maana mwenye nywila ya akaunti ameshika kila ulichonunua.

Kama ndiyo unanunua mashine sasa, angalia toleo kabla ya rangi. Digital Edition ya mwaka 2020, yaani PS5 ya gemu za kupakua tu, haina pa kuongezea sehemu ya CD, basi. Ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 unaweza kuinunulia sehemu hiyo baadaye ukaipachika mwenyewe, na PS5 Pro pia, kwani nayo huuzwa bila CD. Siku ya kuipachika mara ya kwanza mashine inataka intaneti, kwa hiyo usinunue asubuhi ukategemea kucheza jioni kama bando limekata.