Malewa ya mama wa sambaza ku Birere, karibu na Petite Barrière, mupaka ya Goma na Rwanda

Batu ba Goma, kama unapita Birere na njaa imekushika, usipitilize. Kuko malewa moja, mahali padogo pa kula, ya mabati na mabenchi mbili, haina jina ku mulango, uliza tu kwa mama wa sambaza, bale basamaki badogo ba ziwa Kivu. Bugali inakuja ya moto mpaka unapuliza vidole, sambaza anazikaanga kavu zinalia kwa meno, sombe, majani ya mihogo, iko na mawese ya kutosha, pilipili anaweka pembeni. Minakula pale karibu kila juma tangu alianza, sijapata hata siku moja sambaza ya jana.

Bengine banalalamika bei yake iko juu kidogo kuliko ya benzake. Ni kweli iko juu. Lakini mujue, huyu mama hakukuwa mupishi, ni Covid njo ilimuleta ku chungu. Mbele ya Covid alikuwa anavuka Gisenyi, ngambo ya Rwanda, kila asubui na jetoni yake, kikaratasi ya kuvukia mupaka, beseni ku kichwa, anarudi na tomati na mashu (kabichi). Mwezi wa tatu 2020 mupaka bakaifunga, na balioumia ni bale ba miguu, juu makamyo za bidhaa ziliendelea kupita, basi mwenye kamyo alibakia na biashara yake na mwenye beseni akabakia na beseni. Nyuma bakaambia bamama baunganishe mali yabo ipite pamoja, njo ile baliita grupaje, lakini kuingia mule inaomba makuta, ni kusema pesa, ya mbele, na yake ilishaisha, batoto baliikula ndani ya wiki mbili juu biashara ya beseni njo vile iko, chenye unauza leo njo unakula leo. Likelemba yabo ya bamama kumi na mbili, ile ya kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, ikavunjika, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika. Alinielezea ile akiwa anachagua sambaza, hakuinua hata macho.

Na ugonjwa yenyewe ku inchi yetu ilifika na ndege! Tarehe 10 mwezi wa tatu njo balitangaza mugonjwa wa kwanza, Kinshasa, mutu alitoka Ulaya. Haikukuja ndani ya beseni ya tomati.

Mimi ile wakati nilikuwa na moto (pikipiki), ninapelekea bazungu ba ma-ONG, mashirika ya misaada, chakula ku kartie ya Himbi. Banafanya kazi ku nyumba, mushahara ya dola inaingia kama kawaida, na bengine balinilipa muzuri sana, sina chuki nabo. Lakini siku moja ku mulango ya hoteli moja pembeni ya ziwa, muzungu alikuwa mbele yangu akapita bila barakoa, sentineli akamupigia saluti, mimi mwenye barakoa nikapimwa joto mara mbili kisha nikaambiwa nibakie inje. Sentineli alikuwa mweusi sawa mimi. Inaniuma mpaka leo.

Kwa huyu mama kila mutu ananawa, ukuwe nani. Bidoni yenye robine na kipande ya sabuni viko pale mpaka sasa, na ile maji ananunua, lita 20 kila mara, bei yake haiongezi ku sahani yako.

Mvua ikinyesha benchi ya inje inaloa. Mukuje mbele ya saa saba, kisha ile saa sambaza inaisha, na mubebe franka ndogo ndogo juu monei ya kurudisha mara mingi hana.